Nasmith: farumi kwanza, ushujaa baadaye

Wanaomsifu Martin Nasmith, nahodha wa nyambizi wa Uingereza, huanzia Mei 25, 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alipopenya hadi bandari ya Istanbul na nyambizi E11 na kuipiga meli Stamboul ikiwa gatini. Mimi nadhani wanaanzia mahali pasipofaa. Sifa yake kubwa ni kwamba aliujua uzito wa chombo chake, na namna maji yanavyoubeba, kuliko karibu kila nahodha wa nyambizi wa Uingereza wa enzi zake.

Somo hilo lilimpata vibaya. Oktoba 1905 aliongoza A4, nyambizi ndogo, katika majaribio ya kusikiliza kengele chini ya maji karibu na Portsmouth. Chombo kilikuwa kimezama karibu chote, tundu la hewa likiwa wazi, wimbi likaingia. Nyambizi ikiwa katika hali hiyo haina akiba ya kuelea, kwa hiyo maji machache tu yaliivuta omo (sehemu ya mbele) chini hadi kama mita 27. Maji ya chumvi yakakutana na asidi ya betri, gesi ya klorini ikatoka. Waliokoka kwa sababu matangi ya farumi, yaani maji yanayobebwa ili kukipa chombo uzito, yalipulizwa kwa hewa iliyoshindiliwa kabla watu hawajaishiwa nguvu. Nasmith alifikishwa mahakama ya kijeshi, lakini akabaki kwenye nyambizi. Waliomwacha huko walifanya jambo la maana sana.

Miaka 10 baadaye alikabili Dardanelles, njia ya Uturuki kutoka bahari ya Aegean kwenda bahari ya Marmara. Mlangobahari ule una mikondo miwili: juu, maji mepesi yanashuka kutoka Marmara kwenda Aegean, chini, maji mazito ya chumvi yanapanda kinyume. Nyambizi iliyosawazishwa kwa maji ya juu ikifika kwenye tabaka zito hugoma kushuka, kana kwamba imekalia sakafu, mpaka iongezewe farumi. Ikirudi kwenye maji mepesi na farumi ileile, inaporomoka. Na hakuna nafasi ya kuhangaika, maana betri zilipitisha kama maili 65 tu za baharini kwa mwendo wa noti 5, yaani maili 5 za baharini kwa saa. E15, nyambizi nyingine ya Uingereza, ilisukumwa na mkondo ikakwama ufukweni mwezi Aprili. E11 ilipita Mei 19.

Ndani ya Marmara tatizo likawa topido, mabomu yanayojiendesha majini. Zikiisha, safari imekwisha. Kwa kawaida topido iliyokosa shabaha hutegwa izame. Nasmith aliziweka zielee ili azirudie. Hapo namsifu kwa tahadhari, kwa sababu Mkataba wa Hague wa 1907 ulikataza topido kubaki hai baada ya kukosa, na topido inayoelea na kichwa chake cha baruti haibagui meli. Ila kazi ya hatari aliianza yeye mwenyewe: aliogelea hadi kwenye topido na kuondoa kifyatuzi cha puani, kile ambacho feni yake ndogo huzungushwa na maji njiani mpaka kinakuwa tayari kulipuka. Mwanzoni topido zilipandishwa kwa winchi na kuingizwa kupitia mlango wa sitahani, kazi ndefu inayoiacha nyambizi haiwezi kuzama haraka. Baadaye wakapata njia bora: kuinua tezi (sehemu ya nyuma ya chombo) mpaka mdomo wa bomba la nyuma uwe usawa wa maji, kuisukuma topido ndani, kufunga, kutoa maji, kisha kuivuta ndani ya chombo hadi omo. Tazama tena: ni hesabu ya farumi.

Mwezi Juni shafti moja ilipata ufa na mota ya umeme ikaharibika, akaamua kutoka. Njiani pezi la mbele la kushoto, linaloongoza nyambizi kupanda na kushuka, lilinasa bomu la kutega, akaliona kwa periskopu likining'inia mbele yake. Kupanda juu kungeligonganisha na chombo. Akaliburuta chini ya maji hadi nje ya mlangobahari, kisha akapuliza matangi ya nyuma peke yake, tezi ikainuka huku omo ikibaki chini, rafadha (panga za kusukuma chombo) zikarudisha nyuma kwa nguvu zote. Maji yaliyosukumwa kuelekea mbele yakalichomoa bomu, likazama.