Alama ya tabia kwenye ripoti ya shule: hulka ni ya mtu au ya mahali alipo?

Ripoti ya mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania huwa na sehemu ya masomo na sehemu ya tabia na mwenendo. Hiyo ya pili, ambayo wazazi wengi huipitia haraka baada ya kuona mtoto ameshika nafasi ya ngapi, huorodhesha bidii ya kazi, ushirikiano, heshima, uaminifu na mengineyo, na mbele ya kila neno mwalimu wa darasa huweka herufi. Nilipokuwa mwalimu wa darasa nilijaza herufi hizo kwa wanafunzi zaidi ya hamsini katika jioni moja, wala sikumbuki kujiuliza kama uaminifu wa mtu unaweza kupewa A au C kama hesabu. Swali hilo limewagawa wanasaikolojia kwa miongo mingi: je, kuna hulka inayotembea na mtu popote aendapo, au tunachokiita hulka ni namna anavyoitikia mahali alipo na watu waliomzunguka?

Wanaoamini kwamba hulka ipo walianzia kwenye kamusi. Hoja yao ilikuwa kwamba jambo lolote ambalo watu huliona muhimu wanapopimana, lugha yao itakuwa imelitungia neno. Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert walipekua kamusi kubwa ya Kiingereza wakatoa karibu maneno 18,000 yanayomweleza mtu. Raymond Cattell na waliomfuata waliyachuja kwa hesabu za takwimu, na hatimaye yakabaki makundi matano: udadisi wa mawazo, bidii na utaratibu, uchangamfu, upole kwa wengine, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Haya si maneno matupu. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba takribani asilimia 40 hadi 50 ya tofauti za watu katika sifa hizo huhusiana na tofauti zao za kurithi. Mwaka 1991 Murray Barrick na Michael Mount walikusanya matokeo ya tafiti nyingi za kazini, wakaona kwamba bidii na utaratibu huenda sambamba na utendaji mzuri katika kila kundi la kazi walilolichunguza. Aliyesema tabia ni ngozi hakukosea kabisa.

Hata hivyo, upande wa pili una ushahidi ambao kila mwalimu angepaswa kuufahamu. Mwaka 1928 Hugh Hartshorne na Mark May walichapisha utafiti waliowafanyia maelfu ya watoto wa shule nchini Marekani. Hawakutosheka na kuwauliza watoto kama ni waaminifu, waliwawekea mitego. Mtoto alifanya mtihani, karatasi yake ikanakiliwa bila yeye kujua, kisha akarudishiwa aisahihishe mwenyewe, na hapo ikaonekana nani amebadili majibu. Pengine aliachiwa sarafu ambazo angeweza kuzitia mfukoni akidhani hakuna anayemwona. Ilidhihirika kwamba aliyeiba majibu darasani si lazima awe ndiye aliyechukua sarafu, na aliyedanganya katika michezo mara nyingi alikuwa mkweli kwingine. Miaka 40 baadaye, mwaka 1968, Walter Mischel alipitia tafiti za namna hiyo akasema kwamba uhusiano kati ya kipimo cha hulka na tendo moja la mtu kwa kawaida hauvuki 0.30, kwenye kipimo ambacho 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kwenda sambamba kikamilifu, maana yake ni kwamba kipimo hicho hueleza takribani asilimia 9 tu ya tofauti za watu katika tendo hilo.

Watetezi wa hulka walijibu kwa hoja mbili nzito. Seymour Epstein alionyesha mwaka 1979 kwamba tendo moja halitoshi kumpima mtu. Ukijumlisha matendo ya siku nyingi, uthabiti wake unaonekana wazi, na hata data za Hartshorne na May zilikuwa na dalili hiyo zilipojumlishwa. David Funder na Daniel Ozer nao, mwaka 1983, walikokotoa nguvu ya mazingira katika majaribio mashuhuri ya saikolojia ya jamii, yale yaliyodhaniwa kuthibitisha kwamba mazingira ndiyo yote, wakapata karibu 0.40 kwenye kipimo hichohicho. Kwa hiyo mahali napo hapana nguvu kubwa kiasi hicho dhidi ya mtu.

Nasadiki kwamba hulka ipo. Shaka yangu ni juu ya vyombo vyetu vya kuipimia, na shaka hiyo ina sura ya mwanafunzi mmoja. Alikuwa kidato cha pili, na kwa muhula mzima sikumsikia akijibu swali bila kuitwa jina. Kwenye ushirikiano nilimwandikia C. Jumamosi moja nilimkuta sokoni kwenye meza ya mama yake, amepanga nyanya mafungu manne manne, anaita wapita njia, anabishana na mama mmoja aliyetaka kuongezewa nyanya mbili za bure, na papo hapo anamrudishia mteja mwingine chenji yake. Aliponiona aliinamisha kichwa akasema, "Shikamoo mwalimu," kwa sauti ileile ya darasani.

Mischel mwenyewe, akiwa na Yuichi Shoda, aliandika mwaka 1995 kwamba uthabiti wa mtu huenda umo katika mpangilio wa namna hii hasa: akiwa mbele ya hawa huwa hivi, akiwa mbele ya wale huwa vile, mwaka baada ya mwaka. Maelezo hayo yanamfaa binti yule kuliko neno "mkimya". Lakini Kiswahili kina neno jingine ambalo vipimo vya makundi matano havilipi nafasi, nalo ni "haya". Dodoso la kawaida litamhesabu mwenye haya kuwa amepungukiwa na uchangamfu, ilhali kwetu haya ni adabu, ni kujua mbele ya nani uinue sauti na mbele ya nani uishushe, na asiye nayo ndiye anayeonekana ana upungufu. Vivyo hivyo, dodoso mashuhuri la Kiingereza humuuliza mtu kama anapenda kuongea, likiwa na maana ya uchangamfu. Mwulize mzee wa Kitanga kama yeye ni mtu wa maneno mengi, naye atahisi umemtukana.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2005 timu ya kimataifa iliyoongozwa na Robert McCrae iliona makundi matano katika tamaduni 50, lakini waliojaza madodoso walikuwa wanafunzi wa vyuo. Mwaka 2013 Michael Gurven na wenzake walipowahoji Watsimane, wakulima na wawindaji wa Bolivia, makundi hayo hayakuonekana. Yalijitokeza mawili tu, moja la kuishi vyema na wenzako na jingine la kujituma. Mwaka 2019 Rachid Laajaj na wenzake walichambua majibu ya watu 94,751 kutoka nchi 23 zenye kipato cha chini na cha kati, wakaona kwamba maswali yaliyozoeleka mara nyingi hayapimi kilichokusudiwa, hasa mhoji anapomsomea mtu ana kwa ana. Mgeni aliyeketi uani kwako na karatasi mkononi ni vigumu kumkatalia, na "ndiyo" nyingi ni za kumstahi tu.

Ndiyo maana waajiri wanaowachuja vijana kwa dodoso lililotafsiriwa neno kwa neno wananitia wasiwasi zaidi kuliko walimu, kwa kuwa mwalimu angalau amemwona mtoto kwa miezi. Sitaki sehemu ya tabia na mwenendo ifutwe kwenye ripoti. Ningependa ijazwe na kila anayemfundisha mtoto, kila mmoja peke yake bila kuchungulia herufi za mwenzake, na palipo na herufi pawe na mstari mmoja wa kueleza ni wapi na mbele ya nani mtoto alionekana hivyo. Mzazi naye apewe mstari wake kabla ya kuisoma ripoti. Mama wa sokoni angekuwa na la kuandika kuhusu ushirikiano.