Siku niliyompatia mama mwenyekiti mpenzi mbele ya mumewe

Jamani mi nilikuwa najiona Kiingereza nakijua, yaani mtu akikosea neno kikaoni sipumui mpaka nimrekebishe, kwa hiyo siku chama chetu kilipopata mgeni kutoka nje halafu mkalimani akazima simu, unadhani nani alinyoosha mkono?

Dakika kumi za mwanzo nilikuwa moto. Mgeni akitoa sentensi moja mi natoa mbili. Mara mzee wa watu akamgeukia mama mwenyekiti akatabasamu, akasema yeye ni "an avowed admirer" wa huyu mama.

Avowed. Silijui, ila sikutaka ukumbi ujue kama silijui, nikapiga hesabu fasta kichwani: vow si ni kiapo, kile cha ndoa hasa, na hiyo "a" ya mbele si ndo ile ya amoral, asiye na maadili? Basi avowed ni mtu ambaye bado hajala kiapo. Na admirer nikasema nisijichoshe, ni mpenzi tu, mbona tunasema mpenzi wa mpira. Nikakamata maiki vizuri, sauti ya mtangazaji kabisa: "Mgeni wetu anasema yeye ni mpenzi wa mama mwenyekiti, ila bado hawajafunga ndoa."

Kimya, mpaka feni unaisikia. Mume wa mama yuko mstari wa mbele anafuta miwani, kitambaa kikagandia hapohapo kwenye kioo. Mgeni naye maskini akadhani tumeguswa, akatikisa kichwa akaongeza "yes, yes, for many years!" Hiyo sikuitafsiri, ila haikuhitaji mkalimani.

Usiku silali, nafukua kamusi. Kumbe avowed ni mtu anayekiri jambo lake waziwazi bila kuficha, hasa lile ambalo mwingine angelimezea, ndo maana utasikia avowed enemy, adui aliyejitangaza mwenyewe. Na hiyo "a" wala haihusiani na "bila", ile ya amoral ni ya Kigiriki, hii imetoka kwenye ad ya Kilatini, yaani "kwa" au "kuelekea", ikaungana na vocare, kuita, ikawa advocare, kumwita mtu aje akusaidie. Humohumo ndo alimotoka advocate, wakili (ambaye nilikuwa namhitaji kweli wakati ule). Neno likapita kwa Wafaransa likawa avouer, mpaka leo kwao ni kukiri, likaingia kwenye Kiingereza zile zama walizokuwa wanazoa maneno ya Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Vow yenyewe ina ukoo wake mwingine kabisa, votum, nadhiri. Zinafanana sura tu, mi nikaziozesha.

Asubuhi nikaenda kuomba radhi, nikamwaga Kilatini chote pale sebuleni, mzee kakaa pembeni miwani imeng'aa hatari. Mama akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mwanangu, maana yake ni kutangaza jambo hadharani bila aibu?"

"Ndiyo mama."

"Basi hilo ulilifanya vizuri tu."

Mzee ndo akafungua mdomo kwa mara ya kwanza: "Na hiyo many years, ni mingapi?"