Familia za kuaminika Mwanza: mtoto tunawapa, unga tunawanyima

Mtoto wa miaka tisa akishushwa usiku stendi ya Nyegezi bila wa kumpokea, polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto na afisa ustawi wana sehemu mbili za kumpeleka kabla hakujakucha: kituo cha kulelea watoto, au nyumbani kwa mlezi wa kuaminika. Huyu wa pili ni mkazi wa kawaida wa Buhongwa au Nyakato, aliyejitokeza mwenyewe, akapata barua ya mwenyekiti wa mtaa, nyumba yake ikakaguliwa, akapewa mafunzo na jina lake likaingia kwenye orodha. Mtoto hukaa kwake siku chache au miezi kadhaa huku ndugu wakitafutwa. Wasipopatikana, taratibu za malezi ya kambo chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 huanza.

Kwamba familia hizi zinahitajika, sasa hakuna anayebisha. Ubishi uko kwenye pesa: je, wasaidiwe gharama, au wajitolee tu kama ilivyo kwa walio wengi leo?

Wanaokataa wana hoja nzito. Wanasema posho itamgeuza mtoto kuwa mradi, na atakayechukua watoto watatu kwa sababu ya fungu la mwezi hatakuwa tofauti na mwenye kituo anayejaza watoto ili wafadhili wakija wakute umati. Wanakumbusha pia tabia yetu ya kumwita mfanyakazi "mtoto wa ndugu". Binti anatolewa kijijini kwa ahadi ya shule, anaishia kuosha vyombo na kubeba kichanga cha mwenye nyumba; mvulana anaishia Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, akianua dagaa wakati wenzake wako darasani. Halafu kuna bibi wa Ukerewe anayelea wajukuu watano bila senti ya mtu. Kwa nini jirani wa mjini alipwe kwa mtoto mmoja?

Watetezi wa vituo nao wana utafiti mkononi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha matokeo ya nchi tano, Tanzania ikiwakilishwa na Moshi. Waliwalinganisha watoto wa miaka 6 hadi 12, yatima na waliotelekezwa, wa vituoni na wa kwenye familia. Wale wa vituoni hawakuwa na hali mbaya zaidi, si kiafya, si kiakili, na kwa jumla walikuwa na hali bora kuliko waliolelewa na mtu asiye mzazi wao. Hoja hiyo haijibiwi kwa kusema tu kwamba Mwafrika hulea kwa ukoo.

Ila tuitazame vizuri. Familia zilizolinganishwa pale ni kaya za kawaida, nyingine za mzazi aliyebaki, nyingine za ndugu ambako mtoto aliangukia baada ya msiba au kutelekezwa. Hazikuwa zimeteuliwa, kufundishwa wala kugharamiwa kwa kazi hiyo. Kituo chenye wapishi na mfadhili kimelinganishwa na shangazi mwenye genge la nyanya, na shangazi akabaki nyuma. Mimi hapo naona ukosefu wa msaada kwa shangazi kuliko sifa ya kituo.

Utafiti wa pili hutajwa karibu kila semina ya ustawi, nao hutajwa nusu. Bucharest, Rumania, kuanzia mwaka 2000, watoto 136 wa miezi 6 hadi 31 waliokuwa vituoni waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakaenda kwenye familia, nusu wakabaki kwenye utaratibu wa kawaida. Waliokwenda kwenye familia walipiga hatua kubwa, hasa waliohama kabla ya kufikisha miaka miwili hivi. Hapo ndipo msemaji wa semina hukomea. Kinachorukwa ni kwamba familia zile zililipwa, na maafisa ustawi walizitembelea na kuzisaidia tangu mwanzo. Sisi tumechukua hitimisho la Bucharest tukaacha bajeti yake.

Tupige hesabu ya Mwanza. Mtoto wa miaka 12 anakula karibu nusu kilo ya unga kwa siku, yaani kilo 15 kwa mwezi. Kilo ikiwa shilingi 1,500, hiyo ni 22,500 kabla ya dagaa, mafuta, sabuni na mkaa. Ada shule za serikali zimefutwa, lakini mchango wa chakula upo, daftari zipo, na sare ni pea mbili kwa sababu moja hukauka huku nyingine imevaliwa. Mtoto anafika bila kitu, kwa hiyo siku ya kwanza panahitajika godoro la futi mbili na nusu, shuka, chandarua na ndala. Bima nayo ina mtego wake: CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ilipangwa kwa kaya ya watu sita. Baba, mama na watoto wanne wamejaza kadi. Mgeni ni wa saba, na malaria haiangalii kadi.

Mlezi hubeba hayo mwezi wa kwanza kwa moyo, wa pili kwa mkopo wa kikoba. Mwezi wa tatu ndipo mambo huharibika, kwa sababu hapo ndipo na mtoto huanza kujionyesha. Wiki za mwanzo alikuwa mpole, anaitikia kila kitu. Sasa anakojoa kitandani, anaficha matonge ya ugali chini ya godoro, anachukua chenji mezani, anatoroka kwenda Mwaloni kuwaona wenzake. Mlezi aliyefundishwa anajua kwamba anayeficha ugali ni mtoto aliyewahi kulala njaa, na dawa yake ni kumwachia kiporo sahani ile ile, mahali pale pale, kila usiku mpaka aache. Asiyetembelewa anaona mwizi. Mtoto anarudishwa ofisini na mfuko wa nguo, na kila akirudishwa, nyumba inayofuata inapata kazi ngumu zaidi. Tunaandika kwenye faili kwamba mtoto ameshindikana, wakati aliyekosa pumzi ni mama aliyelishwa maneno matupu.

Makosa mengine ni ya karatasi, na yanaepukika. Usiku ule ule wa makabidhiano mlezi apewe barua yenye jina lake, jina la mtoto, tarehe, namba ya simu ya afisa na mhuri. Bila barua hiyo majirani wanaweza kumwita mwizi wa watoto, na zahanati itamuuliza yeye ni nani wa mgonjwa. Mtoto aliyeacha shule Sengerema akiwa darasa la nne aombewe uhamisho pamoja na namba yake ya Prem, inayomtambulisha mwanafunzi kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani. Shule ikimpokea kwa huruma bila namba hiyo, atasoma vizuri mpaka usajili wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ndipo igundulike hayumo. Cheti cha kuzaliwa kianze kufuatiliwa mapema, maana usajili wa aliyepita miaka kumi unahitaji idhini ya Msajili Mkuu na vielelezo ambavyo ndugu ndio wanavyo.

Turudi kwa hofu ya mtoto kuwa mradi. Inadhibitika. Fungu liwe la gharama, lisiwe mshahara, na sehemu yake ilipwe moja kwa moja shuleni. Familia moja isipewe zaidi ya watoto wawili, isipokuwa ni ndugu wa tumbo moja. Bibi, shangazi na mjomba wanaopokea mtoto kupitia ofisi ya ustawi wahesabiwe sawa na jirani. Hapo yule bibi wa Ukerewe anapata jibu lake. Afisa aende bila taarifa, mara mbili mwezi wa kwanza, kisha kila mwezi. Aombe mtoto amwonyeshe anapolala, azungumze naye peke yake, kisha apite shuleni kuangalia daftari la mahudhurio. Binti anayetumikishwa hujulikana pale: anakosa Jumatatu kwa sababu ya kufua, na anachelewa siku nyingine zote. Kwa kweli anayetegemea kujitolea tu ndiye anayemwalika mtu mwenye shida ya mfanyakazi, kwa sababu masikini mwenye moyo safi hawezi kumudu kujitolea.

Vijana wa miaka 15 hadi 17 ni habari nyingine. Aliyekaa Mwaloni miaka minne akijilisha hatafuti mama mpya, na ukimlazimisha atatoroka. Kinachomfaa ni chumba cha kupanga pamoja na wenzake wawili, mtu mzima anayejulikana jirani yao, na fundi anayemfundisha gereji au uchomeleaji. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya vijana, inaanzia miaka 18 na inataka kikundi kilichosajiliwa, kwa hiyo huyu wa 16 hayumo kabisa. Vituo navyo vibaki, vichache, kwa usiku ambao hakuna mlezi aliye tayari na kwa mtoto anayehitaji ulinzi ambao nyumba ya kawaida haiwezi kuutoa.

Jiji la Mwanza lina kata 18. Kila kata ikiwa na familia mbili, na kila familia ikipewa shilingi 60,000 kwa mwezi, jumla ni shilingi 25,920,000 kwa mwaka. Nauli ya afisa iongezwe humo humo, maana bila yeye kutembelea, fedha hiyo itapotea kama wanavyohofia wanaopinga. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi na mapendekezo hukusanywa mitaani miezi mingi kabla yake, pale pale tunapoomba mitaro na matundu ya vyoo. Wenyeviti wa mitaa ndio wanaosaini barua za walezi hawa; wao wanaweza kulileta ombi hili kwenye kikao kijacho, na kiasi kikiwa kimeandikwa.