Kabla ya kumwita mgonjwa mkaidi, iombe pampu yake

Mgonjwa wa pumu akirudi kliniki hapa Moshi kifua kinalia filimbi, maelezo huwa mawili. Wapo wanaosema hatumii dawa, mkaidi. Wapo wanaosema dawa ni ghali na haipatikani kila mahali, tumwache. Wote wana hoja, ila wote huwahi kutoa hukumu kabla ya kuiomba pampu, kile kikopo cha kuvutia dawa kwa mdomo, na kuitazama.

Chukua ile ya kinga, ya beklometasoni, ambayo mara nyingi huwa ya kahawia. Kama ina mipulizo 200 na mtu ameandikiwa miwili asubuhi na miwili jioni, siku ya 50 imekwisha. Anayekuja na hiyohiyo baada ya miezi minne hajaitumia inavyotakiwa, hata kama bado inafuka: dawa ikiisha, gesi huendelea kutoka. Ndiyo maana tarehe ya kufungua iandikwe kwa kalamu kwenye kopo, na ule mtindo wa kulielesha kopo kwenye maji ili kujua kama limeisha uachwe, haupimi kitu. Ya bluu, salbutamoli, isomwe kinyume. Yenye mipulizo 200 ikiisha kwa mwezi mmoja, mtu anapuliza karibu mara saba kwa siku, na hapo pumu haijadhibitiwa.

Je, huo ni ukaidi? Ya bluu inafungua kifua ndani ya dakika chache. Ya kahawia inataka siku nyingi, pengine wiki, na siku ya kwanza mtu hahisi chochote. Mwenye fedha ya pampu moja atanunua ile anayoihisi, na mimi simshangai. Ongeza ule usemi wa mtaani kwamba ukianza pampu huachi tena.

Hoja ya bei ni nzito. Tembe za salbutamoli ni rahisi kupata, ingawa hutetemesha mikono na kuupeleka moyo mbio. Lakini bei haielezi kwa nini mwenye bima naye anabanwa. Hapo tazama mkono. Wengi hubonyeza kwanza ndipo wavute, dawa ikaishia kwenye ulimi. Tikisa kopo, toa pumzi yote, ziba midomo vizuri, anza kuvuta polepole, bonyeza mara moja huku ukiendelea kuvuta, kisha bana pumzi hadi kumi. Subiri nusu dakika kabla ya mpulizo wa pili. Baada ya ile ya kahawia sukutua na uteme, la sivyo utando mweupe utaota mdomoni. Pampu ya unga, yenye dawa kavu isiyosukumwa na gesi, ina sheria tofauti: huvutwa kwa nguvu na kwa kasi, jambo gumu kwa bibi wa Machame ambaye mapafu yake yamechoshwa na moshi wa kuni.

Asiyeweza kuoanisha mkono na pumzi atumie chupa ya maji ya nusu lita. Kitako kitobolewe kwa waya wa moto, tundu lilingane na mdomo wa pampu, pembeni pazibwe kwa gundi, naye avutie kwenye shingo ya chupa. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa 1999 ulionyesha kwamba kwa watoto wenye pumu chupa hiyo, ikizibwa vizuri, inafanya kazi kama chombo cha kuvutia pampu kinachouzwa dukani.

Kwa hiyo mimi naegemea zaidi upande wa wanaomtetea mgonjwa, ila sikubali kwamba bei ndiyo jibu lote. Swali la "unatumia dawa?" hujibiwa ndiyo kila siku. "Mama, hebu vuta nikuone" huchukua dakika mbili.