Mchango wa mfanyakazi na jina la kampuni: nani hasa anayetoa?

Mwishoni mwa Julai 2011, siku chache baada ya Umoja wa Mataifa kutangaza baa la njaa kusini mwa Somalia, kampuni kubwa za Kenya, zikiwemo Safaricom na Benki ya KCB, ziliungana na wamiliki wa vyombo vya habari na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya kuanzisha kampeni ya Kenyans for Kenya. Walengwa walikuwa wananchi wa Turkana na maeneo mengine ya kaskazini ambako mvua zilikuwa zimekosekana na mifugo ilikuwa inakufa. Lengo lilikuwa kukusanya shilingi milioni 500 za Kenya ndani ya wiki nne. Lengo hilo lilifikiwa mapema, likaongezwa, na hatimaye fedha na vitu vilivyochangwa vikakaribia thamani ya shilingi bilioni 1. Mwananchi aliweza kutuma hata shilingi 10 kwa M-Pesa, na maofisini wafanyakazi walijichanga kwa idara na kwa matawi.

Tangu wakati huo sura ya mfanyakazi anayechangia maafa na wahitaji kupitia mwajiri wake imekuwa ya kawaida katika Afrika Mashariki. Benki zinaandaa mbio za hisani, migodi inapandisha watu Kilimanjaro kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI, na karibu kila kampuni yenye idara ya mawasiliano ina siku yake ya kwenda kituo cha kulelea watoto yatima ikiwa na fulana, unga, sabuni na mfano wa hundi. Wako wanaoliona jambo hili kama utu uliopata utaratibu, na wako wanaoliona kama matangazo ya biashara yanayolipiwa na mshahara wa mfanyakazi. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zina ushahidi, na kinachozitenganisha ni jambo moja linalopimika: iwapo mfanyakazi anaweza kusema hapana bila kupoteza chochote, na iwapo kampuni yenyewe inatoa cha kwake.

Tuanze na upande unaounga mkono, kwa sababu una uzito kuliko wakosoaji wanavyokubali. Mahali pa kazi pana vitu vitatu ambavyo mashirika ya misaada huvitafuta kwa gharama kubwa: watu wengi waliokusanyika, kipato kinachoingia kila mwezi, na idara ya fedha yenye hesabu zinazokaguliwa. Mchango mdogo unaotolewa kila mwezi kwa hiari una faida kubwa kuliko mchango mkubwa wa mara moja, kwa kuwa shirika linaweza kupanga kabla maafa hayajatokea, likanunua mahema na dawa za kutibu maji wakati bei haijapanda. Kampuni inaweza pia kuongeza kiasi sawa na kile alichotoa mfanyakazi. Utaratibu huo ulianzishwa na General Electric ya Marekani mwaka 1954 na umeenea sana huko, kwa sababu mfanyakazi ndiye anayechagua pa kupeleka na kampuni inalazimika kumfuata.

Tanzania nayo ina mifano inayostahili heshima. Mbio za hisani za Benki ya CRDB, zilizoanza mwaka 2020, zilichangia upasuaji wa watoto wenye matatizo ya moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na mbio za Benki ya NMB zilichangia matibabu ya wanawake wenye fistula katika hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam. Mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa moyo amefanyiwa, hata kama kwenye fulana za wakimbiaji kulikuwa na nembo ya benki. Mkosoaji anayepuuza hilo anajadili nia za watu na kumsahau mgonjwa.

Hata hivyo naamini mchango mkubwa zaidi wa wafanyakazi si fedha, bali ni kile wanachokijua kutokana na kazi yao. CCBRT ilikuwa ikitibu fistula bila malipo, lakini wanawake wengi wa vijijini hawakufika kwa sababu hawakuwa na nauli ya basi. Kuanzia mwaka 2009 hospitali hiyo, ikishirikiana na Vodacom, ikawa inatuma nauli kwa M-Pesa kwa balozi wa kujitolea aliye karibu na mgonjwa, naye anampandisha mgonjwa basi. Hapakuwa na haja ya jengo jipya. Alihitajika mtu anayeelewa jinsi fedha zinavyotembea kwenye simu akae meza moja na mtu anayeelewa kwa nini mgonjwa haji. Vivyo hivyo, kampuni ya Uholanzi ya usafirishaji ya TNT ilipoingia ubia na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani mwaka 2002, ilitoa wataalamu wake wa magari na maghala, jambo ambalo kwa shirika linalohamisha nafaka kwa maelfu ya tani lina thamani kuliko fedha za harambee ya siku moja. Mhasibu anayetumia Jumamosi zake kuweka sawa vitabu vya kituo cha watoto anasaidia kuliko mhasibu huyohuyo akipaka rangi ukuta ambao fundi wa mtaani angeupaka vizuri zaidi na kupata riziki.

Kuhusu faida kwa mfanyakazi mwenyewe, kuna matokeo yanayofaa kutajwa. William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford alichapisha mwaka 2024 utafiti uliotumia takwimu za wafanyakazi zaidi ya 46,000 wa Uingereza. Alikuta kwamba programu nyingi za kumtuliza mfanyakazi mmoja mmoja, kama mafunzo ya kukabili msongo wa mawazo, hazikumwacha akiwa na hali bora kuliko mwenzake ambaye hakushiriki. Nafasi ya kujitolea kwa ajili ya wengine ndiyo iliyoonekana kwenda pamoja na hali njema. Takwimu za aina hiyo hazithibitishi chanzo, kwa kuwa huenda wenye furaha ndio wanaojitolea, lakini zinatosha kutukataza kusema kwamba mfanyakazi haambulii kitu.

Sasa tugeukie upande wa pili, ambao naufahamu zaidi kwa karibu. Maafa yanapotokea, orodha inafunguliwa kwenye kundi la WhatsApp la idara. Wa kwanza kuandika ni meneja: jina lake, namba moja pembeni, kiasi. Anayefuata hawezi kuandika kiasi kinachomzidi bosi, wala hapendi kuandika kidogo sana, basi anaandika nusu yake. Orodha inanakiliwa na kurudishwa kundini kila jina linapoongezeka, mpaka jioni wasioandikwa wanajulikana kwa kutokuwepo kwao. Asubuhi yake katibu muhtasi anaandika, kwa upole kabisa, kwamba kutoa ni moyo, si utajiri, na kwamba orodha itafungwa saa sita mchana ili ipelekwe kwa mkurugenzi. Hakuna aliyelazimishwa kwa maneno. Lakini kijana aliye kwenye kipindi cha majaribio, ambaye mkataba wake utaamuliwa na meneja yuleyule aliyeandika jina la kwanza, anajua hesabu zake, na pengine mchango huo ndio uliokuwa nauli yake ya wiki ya mwisho wa mwezi.

Sheria zetu zinaitambua hatari hii kuliko ofisi zetu. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamzuia mwajiri kukata mshahara isipokuwa pale sheria, mkataba wa hali bora (makubaliano kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri) au amri ya chombo cha haki inaporuhusu, au mfanyakazi anaporidhia kwa maandishi kukatwa kwa ajili ya deni. Mchango wa hisani si deni, na tangazo la meneja si sheria. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara, na kwa mtu mwenye mkopo wa benki na wa SACCO, mpaka huo hukaribia kuguswa hata kabla hajaombwa mchango wowote.

Watetezi hujibu kwamba sisi ni watu wa michango. Tunachangiana misiba, harusi na ada za shule, na shinikizo la wenzako ni sehemu ya kuishi na watu. Hoja hiyo ina nguvu na siwezi kuitupa. Lakini mchango wa msiba hutolewa miongoni mwa watu wanaoweza kurudishiana, na anayekosa leo atamshika mwenzake mkono siku nyingine bila mtu kuandika kwenye faili. Ofisini anayeomba ndiye anayepandisha cheo na kuandika tathmini ya mwaka. Kenya iliiona tofauti hiyo katika historia ya harambee, ambayo ilijenga shule nyingi za sekondari baada ya uhuru, kisha katika baadhi ya maeneo ikageuka kuwa tozo iliyokusanywa kwa nguvu ya cheo. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ikamzuia afisa wa umma kutumia ofisi yake kukusanyia michango ya harambee. Kampuni binafsi haikubanwa na sheria hiyo, ila sababu iliyoizaa ipo kila mahali penye mkubwa na mdogo.

Ziara za siku moja zinahitaji kutazamwa kwa makini kuliko zinavyotazamwa. Watoto wanaoshwa mapema, wanapangwa mstari, wanaimba wimbo wa kuwakaribisha wageni, wanapokea zawadi mbele ya kamera, na saa nane basi la kampuni linaondoka. Wiki inayofuata linakuja basi la kampuni nyingine na wimbo ni uleule. Walezi wa vituo husema, na ni kweli, kwamba ziara hizo huleta unga na mafuta ya kula ambayo yasingekuja kwa njia nyingine, na kwamba baadhi ya wageni hurudi wenyewe baadaye bila kamera na kuanza kumlipia mtoto ada. Nakubali. Ninachopinga ni picha. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imeweka heshima ya mtoto miongoni mwa haki zake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti ya kutumia taarifa za mtu, sura yake ikiwamo. Mtoto wa darasa la tatu ambaye uso wake umewekwa kwenye ukurasa wa kampuni chini ya neno yatima hakuulizwa, na atakapofika sekondari wenzake wataikuta picha hiyo. Kampuni inayotaka kuonyesha ilichofanya inaweza kupiga picha tangi la maji.

Swali la jina nalo si dogo. Wafanyakazi wakichanga shilingi milioni 10, hundi ikasomwa kwa jina la kampuni, mkurugenzi akapokea cheti, basi kampuni imepata sifa ya fedha ambazo hazikutoka kwenye faida yake. Sheria ya kodi ya mapato ya Tanzania inairuhusu kampuni, kwa kiwango chenye ukomo, kupunguza michango ya hisani kwenye mapato yanayotozwa kodi. Kwa sababu hiyo hesabu za kampuni zinapaswa kutenganisha bayana kilichotoka kwa wanahisa na kilichotoka kwa wafanyakazi. Kuna benki, Standard Chartered ikiwa mojawapo, ambazo huwapa wafanyakazi siku 3 kwa mwaka za kujitolea huku wakilipwa mshahara. Hapo mwajiri ametoa kitu chake mwenyewe, yaani saa za kazi alizokwisha kuzilipia. Kampuni inayoweka siku ya kujitolea Jumamosi na kudai mahudhurio imechukua mapumziko ya mtu na kuyaita ukarimu wake.

Linabaki suala la mrejesho, na hapa Kagera imetuachia funzo lisilopendeza. Baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016, lililokuwa na ukubwa wa 5.9, kampuni, taasisi na watu binafsi walichangia kwa wingi. Mwezi huohuo Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa viongozi wa mkoa kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile ya maafa. Baadaye serikali ikaeleza kwamba fedha zingeelekezwa kwenye miundombinu ya umma, kama shule na vituo vya afya, na si kujengea nyumba watu binafsi. Uamuzi huo una hoja zake, kwani shule hutumiwa na wengi. Lakini mfanyakazi aliyetoa akiwa na picha ya familia iliyolala nje mjini Bukoba alikuwa na haki ya kuambiwa mapema kwamba mchango wake haungeezeka nyumba ile. Wengi walisoma habari hizo magazetini, wala si kutoka kwa waajiri waliowakusanyia fedha.

Kwa hiyo ningependa kamati za michango maofisini zibadilishe mambo machache yasiyo na gharama. Mchango utumwe moja kwa moja kwa namba ya shirika linalopokea, bila orodha ya majina na bila meneja kujua nani ametoa nini. Kampuni itangaze kwanza kiasi chake, kutoka kwenye faida, kabla haijamwomba mfanyakazi yeyote. Walinzi na wafanya usafi walioajiriwa kupitia wakala wasiingizwe kwenye orodha za idara, kwa sababu wengi wao wanalipwa kiasi ambacho kingewaweka wao wenyewe upande wa wanaosaidiwa. Na baada ya miezi 6 ubandikwe ubaoni ukurasa mmoja unaosema fedha zilifika lini, kwa nani, zimenunua nini na kiasi gani kimebaki, pamoja na jina la mtu wa kumuuliza.