Maiki Kiunoni, Sauti Bado Inaimba

Nimechoka kulipa kiingilio kwenda kusikiliza nyimbo ambazo ningezisikia bure ndani ya matatu ya Kisauni. Tamasha la Jumamosi iliyopita hapa kisiwani Mombasa limenifika kooni, na nataka tuzungumze waziwazi kuhusu wasanii wanaoimba juu ya rekodi ya sauti zao, maana kila ninayemlalamikia ananijibu kwamba ndiyo mambo ya siku hizi.

Tiketi ya kawaida ilikuwa shilingi 1,500. Milango ilifunguliwa saa kumi na mbili jioni, msanii mkuu akapanda jukwaani saa nane kasorobo usiku. Kuhusu kuchelewa kwenyewe sina nguvu ya kuandika tena. Kilichoniuma kilitokea kwenye ule wimbo wake ambao tangu Idi hakuna harusi isiyoupiga. Aliinama kumshika mkono binti wa mstari wa mbele, maiki ikashuka mpaka kiunoni, na sauti yake ikaendelea kuimba vilevile, safi, kama kwamba hakuna kilichotokea. Watu wakashangilia. Ubeti wa pili ulipokwisha uwanja mzima ukapaza sauti: "Rudia! Rudia!" Nilikuwa karibu na spika za kushoto, nikamwona akimgeukia dijei. Dijei akatikisa kichwa. Wimbo ukaingia kwenye kiitikio kwa sababu ndiko rekodi ilikokuwa ikienda, naye akaukimbilia.

Yaani maelfu ya watu wamemwomba mwimbaji kitu kimoja, tena kitu chepesi, na hana uwezo wa kuwapa.

Hapa Mombasa jambo hilo linauma zaidi, kwa sababu kurudia ndiyo roho ya muziki wetu. Aliyewahi kukaa kwenye harusi akaimbiwa taarab na Juma Bhalo, au Maulidi Juma, au Zuhura Swaleh, anajua kwamba ubeti haukuwa na urefu maalumu. Mama akiguswa na neno huinuka, akaja polepole akijitingisha, noti mkononi, kumtunza mwimbaji. Mwimbaji anamwona tangu mbali. Anaurudia ule mshororo, anauvuta kidogo mwishoni, fidla inamfuata, mpiga tashkota, ile ala ya nyuzi yenye vibonyezo, anajua kwamba hapa anangoja. Akija mama wa pili, ambaye naye ana lake na jirani yake, mshororo uleule unaimbwa tena na safari hii unamchoma mtu mwingine kabisa, naye ameketi palepale ukumbini, anajua, na wenzake wanajua. Wimbo wa dakika sita ungeweza kwenda nusu saa na hakuna aliyetazama saa. Bhalo aliyapenda mahadhi ya Kihindi, Zein l'Abdin, mwimbaji na mpiga udi, alielekea zaidi Uarabuni, lakini wote wawili waliimba wakiwatazama watu usoni. Kompyuta haimtazami mtu. Haijui nani amelia na nani amenuna.

Wala msiniambie hayo ni ya wazee na ya taarab. Bendi ya Them Mushrooms walikuwa vijana walipoanza mwaka 1972. Walipiga kwenye mahoteli ya ufuoni usiku baada ya usiku, na Jambo Bwana ya 1982 ilizaliwa katika kazi hiyo ya kumkabili mgeni aliyeketi mbele yako na kumfanya aitikie. Bendi ya Mombasa Roots waliichukua chakacha, ngoma ya akina mama harusini, wakaitilia gitaa na kinanda mpaka ikachezwa disko. Huo ulikuwa muziki wa starehe na wa kuuza, kama huu wa leo, na ulipigwa na watu.

Mapromota wana jibu lao. Bendi ya watu saba ni nauli, malazi, saundicheki ya mchana kutwa, spika za kuwarudishia wanamuziki sauti zao, na fundi mitambo anayeijua kazi. Ni kweli, ni gharama. Nakubali pia, kwa shingo upande, kwamba anayecheza dansi saa nzima katika joto letu hukatika pumzi, kwa hiyo waitikiaji waliorekodiwa sina ugomvi nao. Sauti yake yeye mwenyewe ndiyo tuliyoilipia, na hiyo hairekodiwi nyumbani ikaletwa kwenye flashi.

Mengine ya usiku ule nayataja tu. Hotuba za wanasiasa zilikuwa ndefu. Nyimbo mpya karibu zote zimeegemea mdundo uleule wa amapiano ya Afrika Kusini, na nitayaandika hayo peke yake siku nyingine.

Lakini yupo kijana mmoja wa Likoni lazima nimseme. Walimpandisha saa moja na nusu, uwanja ukiwa mtupu, yeye na gitaa lake na mwenzake mwenye ngoma. Hakuwa amepewa saundicheki. Maiki ilikoroma wimbo mzima wa kwanza, naye akaisogeza mbali na mdomo, akaongeza sauti yake mwenyewe mpaka ikatufikia. Kina dada waliokuwa wakiuza maji waliweka ndoo chini wakasogea. Alipowasikia wanaitikia, aliacha kupiga gitaa, akawaachia wao kiitikio, ngoma peke yake ikiwashikilia, kisha akakirudia nao mara nne tano, kila mara polepole zaidi. Wimbo wa tatu haukufika mwisho: emsii alimpokonya maiki kwa sababu mgeni rasmi amewasili. Niliambiwa na watu wake kwamba malipo yake yalikuwa nauli ya kurudi na ahadi ya kuitwa tena.

Basi mapromota, Disemba inakuja na mabango yatajaa kuanzia Nyali hadi Diani. Andikeni kwenye bango kama msanii anakuja na bendi au anaimba juu ya rekodi yake, na bei zitofautiane. Penye bendi mimi nitalipa hata 3,000. Na huyo kijana wa Likoni mpandisheni saa nne, watu wakiwa wameshafika, mumlipe pesa taslimu kabla hajashika gitaa.