Ngoma si ya kumsubiria mgeni rasmi

Nyumbani tunaipenda ngoma, lakini hatuiheshimu. Nasema haya nikiwa mbali, na najua wapo watakaoniambia aliyehama anyamaze, ila jambo hili limenikaa moyoni na nitalisema. Angalia shughuli yoyote kubwa kwetu: uzinduzi wa zahanati, mkutano wa hadhara, mahafali, mapokezi ya kiongozi. Vijana wa ngoma wanaitwa asubuhi na mapema. Wanafunga njuga, wanazipasha moto ngoma zao ili ngozi ikaze, wanacheza juani masaa mawili matatu huku watu wakipiga soga na kugombea kivuli. Msafara ukitokeza tu, mshereheshaji anadaka kipaza sauti: "Ahsanteni sana kikundi chetu, naomba mtupishe." Ngoma inakatwa hapo hapo, hata kama mchezaji alikuwa bado hewani. Hotuba zinaanza, na wale vijana wanazunguka nyuma ya turubai kusubiri soda.

Nimekua nikiyaona hayo na sikuwahi kuyashangaa. Nimeanza kuyashangaa nikiwa Indianapolis.

Kila mwaka, Agosti ikishika kasi, katikati ya jiji hili hujaa mabasi na malori ya vikosi vya ngoma na tarumbeta kutoka pembe zote za Marekani. Wanakuja kwenye fainali za Drum Corps International, DCI kwa kifupi (hawa si wapelelezi wa makosa ya jinai tuliowazoea kwetu). Mashindano haya yalianza 1972 huko Whitewater, Wisconsin, na bingwa wa kwanza alikuwa Anaheim Kingsmen kutoka California. Tangu 2009 maskani yake ni uwanja wa Lucas Oil, hapa mjini. Alhamisi wanachujana, Ijumaa ni nusu fainali, Jumamosi usiku vinabaki vikosi 12. Maelfu ya watu wanakata tiketi, wengine wamesafiri kwa ndege, wamekuja kuangalia vijana wakipiga ngoma na kupuliza tarumbeta. Hakuna mechi ya mpira itakayofuata. Hakuna anayehutubia. Ngoma ndiyo shughuli yenyewe, imeanza na itaisha yenyewe.

Kwa asiyewahi kuona, kikosi kikubwa kina vijana zaidi ya 150. Wapulizaji wote ni wa ala za shaba: tarumbeta, melofoni, baritoni, na tuba zinazobebwa begani kama mtu aliyebeba gogo. Filimbi na saksofoni hazimo. Wapo wapiga ngoma wanaotembea nazo, wapo wanaorusha bendera, panga na bunduki za mbao, na pale mbele kabisa zimepangwa marimba ndefu na vibrafoni, safu nzima. Onyesho zima halifiki hata dakika 12. Kwa ajili ya hizo dakika, vijana wamejifungia mazoezini tangu mwisho wa Mei, wamelala chini kwenye kumbi za michezo za shule, wamesafiri usiku kwa basi na kuamkia mazoezini tena, majira yote ya joto. Mwisho wa umri ni miaka 21 au 22, kutegemea umezaliwa mwezi gani. Ukifika hapo unapisha wengine.

Shabiki mzoefu haendi moja kwa moja kwenye kiti. Anapitia kwanza maegesho, mahali vikosi vinapopashia misuli. Hapo ndipo mimi nilipotekwa. Ngoma kubwa zinazobebwa huwa ni tano, kuanzia ndogo hadi lile dude linalomfunika mpigaji kidevuni, na mdundo mmoja unagawanywa kwa watu watano. Wa kwanza anapiga lake, wa pili lake, wa tatu, wa nne, wa tano, halafu unarudi, haraka kiasi kwamba sikio linasikia mtu mmoja mwenye mikono kumi. Nilisimama hatua mbili kutoka kwa binti aliyebeba ngoma ya tatu. Hakuwa akiangalia ngoma wala mtu. Alikuwa anapumua kwa mdomo, jasho linamdondoka kidevuni, na fimbo yake imesimama sentimita chache tu juu ya ngozi ikisubiri zamu ambayo ikishapita hairudi. Ikija inapigwa mara moja, inasimama tena pale pale. Tulikuwa watu wengi tumewazunguka na hakuna aliyekohoa. Mtoto mmoja wa miaka kama minane alikuwa anafuatisha kwa vidole pajani kwake, sauti haitoki, lakini hakosei.

Halafu ingia uwanjani na ukae juu. Waliokaa chini mbele wanapata upepo wa tarumbeta usoni, na hiyo ni raha yake, lakini huku juu ndiko unakoona kazi. Hatua nane katika kila yadi tano, yaani sentimita 57 kila hatua, na kila kijana amehifadhi kichwani namba za mahali pake kwa kila picha ya onyesho. Mstari wa watu 60 unajikunja, unafunguka, unapita katikati ya mstari mwingine, na nusu yao wanatembea kinyumenyume kwa ncha za vidole huku wakipuliza. Hawagusani. Mlangoni wahudumu hawamruhusu mtu kuingia kikosi kikiwa katikati ya onyesho, uwe na popkoni au huna. Unasubiri nje hadi wamalize.

Mashabiki wenyewe wanajua wanachoangalia. Pointi ni 100: 40 ni za mguso wa onyesho kwa jumla, 30 za muziki, 30 za mwendo na mwonekano. Hakimu wa ngoma anaingia uwanjani miongoni mwa vijana, anarudi nyuma mbio ili asikanyagwe, na huku anazungumzia kinasa sauti ili walimu wa kikosi wasikilize baadaye. Zamani ilikuwa kali zaidi, kila kosa lilikatwa sehemu ya kumi ya pointi, hadi utaratibu huo ulipoachwa 1984. Nilikaa jirani na mzee mmoja ambaye miaka ya sabini alipiga ngoma akiwa kijana, na bado anaukumbuka mfumo ule kama askari anavyokumbuka depo. Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza ngoma ndogo zikinyamaza kwa pamoja, maana kuanza pamoja anaweza yeyote. Blue Devils wa Concord, California, walifikia 99.65 mwaka 2014, na hakuna aliyewahi kuipita. Boston Crusaders wapo tangu 1940 na ubingwa wao wa kwanza wameupata 2025. Fikiria wazazi waliopita humo, na watoto wao, na wajukuu, kabla ya kikombe hicho kuja.

Sasa ndugu zangu, msidhani hawa wametuzidi kwa asili. Vikosi hivi vya Marekani vilistawi mikononi mwa maveterani waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, kwenye matawi ya chama chao, American Legion. Vita hiyo hiyo ndiyo iliyoeneza beni kwetu. Beni ilianzia pwani ya Kenya miaka ya 1890, vijana wakiziangalia bendi za kijeshi na kuzigeuza ngoma yao, na Mombasa ikagawanyika kati ya makundi mawili, Kingi na Skochi. Baadaye Tanga na Dar es Salaam zikawa na Marini na Arinoti. Askari na wapagazi, wale wa Carrier Corps waliotuachia jina la Kariakoo, wakaibeba ikavuka mpaka Nyasaland, Malawi ya leo. Walikuwa na sare, vyeo, magwaride, na ushindani wa kutunishiana misuli mtaa kwa mtaa, mpaka wakoloni wakawa na wasiwasi nao. Kwa hiyo katika miaka ile ile, watu waliotoka kwenye vita ile ile, huku na kule walikuwa wakishindana kwa ngoma na tarumbeta. Huku wakajenga chama, wakaandika kanuni, wakahifadhi matokeo. Kwetu beni imebaki harusini Unguja na kwenye vitabu vya wanahistoria.

Na kama beni unaiona ni ya kuiga, njoo Usukumani kwetu. Bagika na Bagalu, makundi yetu mawili ya ngoma, wanashindana tangu enzi za Ngika na Gumha, waganga wawili waliotaka ijulikane dawa ya nani ina nguvu. Kila Juni, mavuno yakiwa ndani, sikukuu ya ngoma ya Bulabo inafanyika Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, mahali padre David Clement kutoka Kanada alipojenga makumbusho ya Wasukuma. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kimoja upande huu, kingine upande ule. Mshindi ni aliyevuta watu wengi. Basi. Mmoja akitoa chatu, umati unakimbilia kwake. Mwingine akiingiza bugobogobo, vijana wamejipanga na majembe, wanayazungusha, wanayarusha juu na kuyadaka kwa mpini bila kukatisha mdundo, umati unarudi mbio. Nilipomwona binti wa Kimarekani akirusha bunduki ya mbao, ikazunguka hewani mara sita na kutua mkononi mwake, nilisimama na kupiga kelele kwa Kisukuma. Mzee wa jirani hakuuliza maana yake, alisimama naye.

Katika hili la umati tunawashinda, na nasema bila kusita. Pale Lucas Oil watu 20,000 wanaweza kusimama na kushangilia mpaka paa litikisike, na hakimu akampa mwingine. Shabiki hana kura. Wapo wanaolalamika kwamba maonyesho siku hizi yanatengenezwa yawapendeze majaji kuliko watu, na nikiangalia baadhi yake, yaliyojaa majukwaa na spika na ngoma kidogo, nakubaliana nao. Msukuma akikuchosha unamwachia uwanja, na yeye anajua papo hapo kwamba amekuchosha. Huyo ni hakimu asiyehongeka.

Tena ngoma ya kwetu haimfungii mtu nje kwa ajili ya pesa. Huku kijana analipa ada ya dola elfu kadhaa kwa msimu mmoja, mbali na viatu na nauli. Mtoto wa mhamiaji anayeosha vyombo hotelini hawezi. Hata vikosi vyenyewe vinaelemewa: Santa Clara Vanguard, mabingwa mara nyingi, walishindwa kusafiri msimu wa 2023 kwa sababu ya fedha, wakarudi mwaka uliofuata. Kwetu ukijua kucheza unaingia, na mwalimu ni mjomba wako.

Lakini heshima wametushinda, na heshima haihitaji dola. Haihitaji uwanja wenye paa. Nilimpigia mama kumsimulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Ehe, hao watoto wa ngoma, wameshacheza?"

"Wamecheza mama, mpaka saa tano usiku."

"Na wakishamaliza, nani anahutubia?"

"Hakuna anayehutubia."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna. Wanasoma matokeo, wanatoa kombe, watu wanakwenda kulala."

Akanyamaza kidogo. "Hao wana akili," akasema, na mama yangu si mtu wa kusifu Wazungu.

Ninachoomba ni kidogo, na kinaweza kuanza kwenye shughuli ya wilaya moja tu. Mgeni rasmi aketi kwanza, ndipo ngoma ianze. Kikundi kipewe dakika 12 kamili, zitangazwe kwenye ratiba kwa jina la kikundi na la kiongozi wake, na kwa dakika hizo kipaza sauti kizimwe, mshereheshaji asitoe matangazo ya gari lililozuia njia. Walipwe fedha taslimu kabla ya kucheza, kiasi kilichokubaliwa, wasiambiwe wasubiri mpaka wageni wale. Aliyeshinda aandikwe mahali, ili miaka 40 ijayo mjukuu wake akiuliza 2026 nani alibeba, Mgika au Mgalu, apate jibu kwenye karatasi. Na sisi tulioko nje, badala ya kuchangishana kwa ajili ya ukumbi na keki ya sherehe ya kila mwaka, tunaweza kununua njuga na ngozi za ngoma kwa vikundi vya vijana kule tulikotoka. Mimi nimeshaanza kuwauliza wa Kisesa wanahitaji nini, na jibu la kwanza lilikuwa viatu, kwa sababu changarawe za uwanja wa mikutano zinachoma miguu ikifika saa sita mchana.